Kuku wa Mekatilili na chai ya Boston: Serikali inapovuka mipaka

KATIKATI ya mji wa Malindi ipo bustani iliyokuwa ikijulikana kama Uhuru Gardens, ambayo tangu 2010 hubeba jina la Mekatilili wa Menza. Humo imesimamishwa sanamu yake. Wagiriama na jamaa zao wa Kimijikenda hukusanyika mjini humo kumkumbuka kwa ngoma na maandamano, na kila mara hadithi ile ile husimuliwa: kuku, vifaranga, na afisa wa Kiingereza aliyethubutu kunyoosha mkono.

Hadithi hiyo inajulikana hata na watoto wa shule. Lisilosimuliwa sana ni yale yaliyofuata, na sababu iliyofanya ukaidi wa Wagiriama, ulioanza kwa ushindi, umalizikie katika moshi wa nyumba zilizoteketezwa mwaka mmoja baadaye. Ili kulielewa jambo hilo, makala haya yanawaweka Wagiriama kando ya watu wengine waliomkataa Mwingereza huyo huyo takriban miaka 140 kabla yao, yaani wakazi wa makoloni 13 ya Amerika Kaskazini ambao uasi wao ulizaa taifa la Marekani.

Ulinganisho huu una kasoro. Wanamapinduzi wa Marekani walikuwa walowezi waliokalia ardhi ya wenyeji, na wengi wa viongozi wao walimiliki watumwa. Wagiriama walikuwa wakilinda nyumba zao wenyewe. Hata hivyo, pande zote mbili zilikabiliana na swali moja: raia afanye nini serikali inapodai kitu ambacho haikupewa idhini ya kukichukua?

Kodi iliyotaka mikono

Kabla ya ukoloni, Wagiriama hawakuwa na mfalme wala chifu. Mambo ya jamii yaliamuliwa na baraza la wazee liitwalo kambi, ambalo makao yake yalikuwa Kaya Fungo, msitu mtakatifu ulio bara ya Kilifi. Uingereza ilipotangaza himaya yake Afrika Mashariki mnamo 1895, utawala huo ulionekana zaidi mijini pwani, kule Mombasa, Takaungu na Malindi. Bara ya miji hiyo, Mgiriama aliendelea kulima mahindi yake, kuyauza kwa wafanyabiashara wa pwani, na kuvuka mto Sabaki kutafuta ardhi yenye rutuba kaskazini.

Hali ilibadilika 1912 serikali ilipomtuma Arthur Champion kuwa afisa msaidizi wa utawala miongoni mwa Wagiriama. Alikuja na madai mawili. La kwanza lilikuwa kodi ya nyumba ya rupia tatu. La pili lilikuwa vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya pwani na miradi ya serikali.

Madai hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilikuwa imefutwa katika pwani ya Kenya mnamo 1907, na wenye mashamba, Waarabu, Waswahili na kampuni za Wazungu, walilalamika kwamba hawapati vibarua. Mgiriama naye hakuwa na haja ya kuwa kibarua. Alikuwa na mahindi, mbuzi na mnazi. Akidaiwa kodi, angeweza kuuza gunia la nafaka akalipa na kurudi shambani kwake. Kwa hiyo mafanikio yake yenyewe yakawa tatizo machoni pa serikali. Ilibidi abanwe mpaka asiwe na njia nyingine ila kuuza nguvu zake.

Na ni nani aliyewakubalia Waingereza hayo kwa niaba ya Wagiriama? Ni wazee wa mitaa walioteuliwa na serikali na kulipwa mshahara nayo. Kwa mujibu wa mila hawakuwa na mamlaka ya kuamuru mtoto wa mtu aondoke nyumbani. Serikali iliwahesabu kuwa wawakilishi wa watu. Watu hawakuwatambua kwa cheo hicho.

Hapa ndipo Boston inapokutana na Kaya Fungo. Bunge la London lilipopitisha Sheria ya Stempu mnamo 1765, likitoza kodi magazeti, hati za mahakama na hata karata za kuchezea, wakazi wa makoloni walipinga kwamba hawakuwa na mbunge hata mmoja katika bunge hilo. Walijibiwa kwamba kila mbunge wa Uingereza huwakilisha raia wote wa himaya, wawe wamempigia kura au la. Jibu hilo liliwaudhi kuliko kodi yenyewe. Uwakilishi wa jina tu, mtu akisemewa na asiyemjua na asiyeweza kumwondoa, waliuona kuwa ni dhihaka.

Jambo hilo linaonekana vizuri zaidi katika suala la chai. Wengi hudhani kwamba watu wa Boston walimwaga chai baharini usiku wa Desemba 16, 1773 kwa sababu ilikuwa ghali. La hasha. Sheria ya Chai ya mwaka huo iliipa Kampuni ya Mashariki ya India nafuu ambayo ingeifanya chai yake kuwa rahisi zaidi sokoni. Makasha 342 yaliyotoswa yalikuwa ya chai ya bei nafuu. Walichokikataa ni ile kodi ndogo iliyobaki ndani ya bei, kwa kuwa anayeilipa mara moja amekiri kwamba mtozaji ana haki ya kuitoza. Mgiriama naye aliweza kulipa rupia tatu. Hofu yake ilikuwa juu ya kile ambacho zingefungulia mlango.

Kunyima serikali inachokitaka

Mekatilili, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi, hakuwa na cheo. Alikuwa mjane wa makamo, na katika jamii ambayo baraza lake kuu lilikuwa la wanaume, hilo lingetosha kumnyamazisha. Alichokuwa nacho ni ulimi na miguu. Alizunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na palipochezwa kifudu watu walijaa. Wakishajaa, aliwahutubia. Pamoja naye alikuwa mzee Wanje wa Mwadori Kola.

Katikati ya 1913 watu wengi walikusanyika Kaya Fungo na viapo viwili vikalishwa. Wanawake waliapa kwa mukushekushe na wanaume kwa fisi, kiapo kizito zaidi katika mila za Kigiriama. Walioapa waliahidi kutoshirikiana na serikali kwa lolote, wasilipe kodi, wasitoe vijana, wala wasimtumikie Champion. Mzee yeyote aliyepokea mshahara wa serikali alijua kwamba kiapo kinamkabili yeye pia.

Agosti 13 mwaka huo Champion aliitisha baraza. Simulizi za Wagiriama zasema kwamba Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Mzungu achukue kimoja. Champion aliponyoosha mkono, kuku alimdonoa. Mama akamweleza kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa akijaribu kumchukua hata mmoja wa wanawe. Wapo wanaosimulia kwamba Champion alimpiga risasi kuku yule, na wapo wanaosema kwamba Mekatilili alimzaba kofi. Maneno ya simulizi hutofautiana, lakini matokeo hayana ubishi. Kwa miezi kadhaa utawala wa Champion ulisimama. Vibarua hawakupatikana, wazee walioteuliwa waliogopa kutimiza maagizo, na kodi haikukusanywa kama ilivyotarajiwa.

Tusisitize kwamba hadi hapo hakuna mshale uliokuwa umefyatuliwa. Serikali ilikuwa na bunduki, lakini bunduki haikusanyi mahindi wala haichongi barabara. Ilihitaji mikono ya Wagiriama, na mikono hiyo ilikuwa imekunjwa.

Wamarekani waliligundua jambo hilo hilo mapema. Sheria ya Stempu ilifutwa 1766, mwaka mmoja tu baada ya kupitishwa. London haikuifuta kwa kuogopa hotuba. Wafanyabiashara wa makoloni walikuwa wamegoma kuagiza bidhaa za Uingereza, na wenzao wa London walipoona shehena zao zinakosa wanunuzi walikwenda bungeni kulalamika wao wenyewe. Mgomo uliwageuza marafiki wa serikali kuwa mawakili wa wapinzani wake. Katika mgomo wa namna hiyo wanawake wana uwezo mkubwa, kwa kuwa ndio wanaoamua kinachoingia jikoni. Mnamo Oktoba 1774 wanawake 51 wa mji mdogo wa Edenton, North Carolina, walitia saini hati ya kuunga mkono ususiaji wa bidhaa za Uingereza. Huko London walikejeliwa kwa michoro. Laiti wachoraji hao wangaliishi kumwona Mekatilili.

Adhabu ilipokuja

Kinachopima nguvu ya ukaidi ni siku serikali inapojibu. Hapa ndipo njia za Boston na Sabaki zinapoachana, na ndipo mafunzo makubwa zaidi yalipo.

Uingereza ilipojibu kisa cha chai, iliuadhibu mji mzima. Mnamo 1774 Bunge la London lilifunga bandari ya Boston mpaka chai ilipwe, likaipokonya Massachusetts sehemu kubwa ya madaraka ya kujitawala, na likawapa magavana uwezo zaidi wa kuwaweka wanajeshi katika makoloni. Hesabu ya London ilikuwa rahisi. Boston ingekufa njaa, na makoloni mengine yangejifunza adabu kwa kutazama.

Hesabu hiyo iliharibika kwa sababu ya kazi iliyofanywa kimya kimya kabla ya hapo. Tangu 1772 Samuel Adams na wenzake wa Boston walikuwa wameunda Kamati ya Mawasiliano, ambayo kazi yake ilikuwa kuandika barua tu. Miji mingine ya Massachusetts iliiga. Mwaka uliofuata Virginia ikayaalika makoloni mengine kufanya vivyo hivyo. Hivyo bandari ilipofungwa, mkulima wa mbali hakusikia habari hizo kama mambo ya watu wa Boston. Alikuwa amekwisha kuelezwa kwa miezi mingi kwamba kilicho Boston leo kitakuwa kwake kesho. Mchele ukatoka South Carolina, kondoo wakatoka Connecticut. Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 kati ya 13 waliketi Philadelphia na kuafikiana kususia biashara ya Uingereza kwa pamoja, huku kila mji ukiunda kamati ya kusimamia utekelezaji.

Bila kamati hizo, vita vilivyoanza Lexington na Concord Aprili 19, 1775 vingekuwa fujo za siku moja. Hata kwa umoja huo, walihitaji miaka minane na msaada wa Ufaransa kuanzia 1778 kabla ya Uingereza kutambua uhuru wao katika mkataba wa 1783. Tamko lao maarufu la Julai 4, 1776 lilikuja baada ya zaidi ya mwongo mzima wa barua, migomo na maombi yaliyokataliwa.

Wagiriama hawakupewa muda huo. Oktoba 17, 1913, miezi miwili tu baada ya baraza la kuku, Mekatilili na Wanje walikamatwa na kuhamishiwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurejea nyumbani, safari ya mamia ya kilomita kupitia nchi za watu wasiowajua. Hata leo, ukiwa ndani ya basi, safari hiyo huchosha.

Serikali ilikwisha kuamua kuwaadhibu wote. Wagiriama waliokuwa kaskazini mwa Sabaki waliamriwa kuhama na kurudi kusini, amri iliyowanyang'anya mashamba yao bora na kuwasogeza karibu na walikohitajika kama vibarua. Kisha Agosti 4, 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, miti ikachomwa na malango kufungwa. Siku hiyo hiyo Uingereza iliingia katika vita dhidi ya Ujerumani, na mahitaji ya wapagazi wa jeshi yakaongezeka mara moja. Katika mwezi huo mapigano yakazuka.

Wanajeshi wa King's African Rifles, waliokuwa wakiandaliwa kwa vita vya Wajerumani, waligeuziwa mishale na pinde za Wagiriama. Nyumba ziliteketezwa, mbuzi wakatwaliwa kwa maelfu na watu wengi wakauawa. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, vibarua 1,000, kusalimisha silaha na kuihama nchi iliyo kaskazini mwa mto. Mekatilili na Wanje, waliokamatwa tena Agosti hiyo, walipelekwa uhamishoni kwa mara ya pili.

Mbona Boston ilipona na Kaya Fungo ikalipuliwa? Tofauti ya silaha ni sehemu ya jibu. Mkulima wa Massachusetts alikuwa na bunduki inayokaribia ile ya askari aliyemkabili, wakati mshale ulikuwa ukikabili bunduki za kisasa. Lakini kwa maoni ya mwandishi huyu, sehemu kubwa zaidi ni upweke. Kiapo cha fisi kiliwafunga Wagiriama barabara, na nguvu zake ziliishia pale ambapo Ugiriama uliishia. Kwa jirani yao kilikuwa kiapo cha watu wengine. Serikali ilipokuja kuchukua mbuzi, hakuna kondoo waliotoka Connecticut.

Lawama hiyo haimwangukii Mekatilili. Alikuwa na mwaka mmoja, na robo ya mwaka huo aliumaliza kizuizini. Samuel Adams alikuwa na mwongo mzima, mitambo ya kuchapisha magazeti, na huduma ya posta ambayo serikali aliyoipinga ndiyo iliyomwendeshea.

Ukatili wa wanaokataa

Msomaji asidhani kwamba kila kilichofanywa na wanamapinduzi ni cha kuigwa. Januari 1774 umati wa Boston ulimkamata afisa wa forodha aitwaye John Malcolm, ukampaka lami na manyoya na kumzungusha mjini katika baridi kali. Waliobaki waaminifu kwa mfalme walipokonywa mali, na maelfu walikimbilia Canada. Kamati za kusimamia mgomo zilichapisha majina ya waliokaidi ili wachukiwe. Kiapo cha Wagiriama nacho kilikuwa na tishio ndani yake, kwani aliyekivunja aliaminiwa kuwa amejitakia mauti.

Kinyume cha hayo ni kisa cha John Adams. Machi 5, 1770 askari wa Uingereza waliufyatulia risasi umati mjini Boston na watu watano wakafa. Mji mzima ulitaka kisasi. Adams, mwanasheria aliyekuwa mpinzani wa sera za London, alikubali kuwatetea askari hao mahakamani. Kapteni wao na askari sita waliachiliwa, na wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Hoja yake ilikuwa kwamba anayedai sheria iheshimiwe na serikali hana budi kuiheshimu hata inapomlinda adui. Miaka 27 baadaye aliapishwa kuwa rais wa pili wa Marekani.

Doa kubwa zaidi ni utumwa. Watu walioandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa waliunda taifa ambalo katiba yake ya 1787 ililizuia bunge kupiga marufuku uingizaji wa watumwa hadi 1808. Mnamo Novemba 1775 gavana wa Kiingereza wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme, na mamia walimkimbilia. Kwao, dhalimu alikuwa yule mwanamapinduzi. Pwani yetu haina haki ya kucheka sana. Katika karne ya 19 watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi na Takaungu walikimbilia bara na kujenga makao kama yale ya Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, wakiwakimbia mabwana ambao nao baadaye wangemlalamikia Mwingereza kwa kuwaingilia mambo yao.

Kuandika mpaka

Wamarekani walifanya jambo moja ambalo Wagiriama wa 1914 hawakuwa na nafasi ya kulifanya. Baada ya kushinda, waliiwekea mipaka hata serikali yao wenyewe. Katiba ya 1787 ilipoonekana kuipa serikali mpya nguvu nyingi, wananchi walidai nyongeza, na mnamo 1791 vifungu kumi vya haki viliongezwa. Baadhi vilizaliwa moja kwa moja na machungu ya zamani. Kifungu kinachokataza kuweka wanajeshi katika nyumba za raia bila idhini kinatokana na sheria za mfalme kuhusu malazi ya majeshi. Kile kinachokataza upekuzi bila kibali mahsusi kina mizizi katika hati zilizowaruhusu maofisa wa forodha kuingia popote, hati ambazo mwanasheria James Otis alizipinga mahakamani Boston mnamo 1761.

Kenya ilifikia hatua ya namna hiyo kwa kuchelewa. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 yaanza kwa kutamka, katika kifungu cha kwanza, kwamba mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Kifungu cha 10 chaweka ushiriki wa umma miongoni mwa maadili ya utawala. Kifungu cha 37 chalinda haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa amani bila silaha. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi inayoweza kutozwa ila kwa mujibu wa sheria. Mtu wa Boston wa 1765 angekisoma kifungu hicho kwa furaha, kisha angeuliza ni nani aliyeitunga sheria yenyewe, na kama alisikiliza watu kabla ya kuitunga.

Swali hilo ndilo lililowapeleka vijana barabarani kote nchini Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, hadi Rais William Ruto akatangaza Juni 26 kwamba hatautia saini. Makumi ya watu walipoteza maisha. Maandamano yale hayakuwa na kabila, na habari zilienea kwa simu za mkononi kwa kasi ambayo Kamati za Mawasiliano hazikuiota.

Kaskazini mwa Sabaki

Turudi Pwani. Nchi ile ambayo Wagiriama waliamriwa kuihama mnamo 1914 leo ni Magarini, katika Kaunti ya Kilifi. Ukanda wake wa bahari una mashamba makubwa ya chumvi, na kwa miaka mingi wakazi walilalamika kwamba walifurushwa kuyapisha, kwamba fidia ilikuwa ndogo au haikuwapo, na kwamba visima vyao viligeuka chumvi. Hawakula kiapo. Walipeleka malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ilifanya uchunguzi wa hadhara na kuchapisha ripoti yake 2006, ikithibitisha mengi ya madai hayo. Kuthibitishwa hakukurejesha ardhi. Lakini malalamiko yaliyokuwa yakisemwa chini ya miembe yaliingia katika kumbukumbu rasmi za taifa, na hakuna afisa awezaye tena kusema kwamba hakujua.

Mfano wenye meno zaidi ulitokea katika Mahakama Kuu ya Malindi. Wakazi wa Lamu walikuwa wamefungua kesi ya kikatiba 2012 kuhusu ujenzi wa bandari mpya chini ya mradi wa LAPSSET. Hawakudai kwamba bandari isijengwe kabisa. Walidai kwamba serikali ilianza kuchimba bahari yao bila kuwashirikisha na bila kujali uvuvi wanaoutegemea. Mnamo 2018 mahakama ilikubaliana nao kwamba haki zao zilikiukwa, na ikaamuru takriban wavuvi 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni.

Na huko Uyombo, kijiji cha wavuvi karibu na Watamu, wakazi waliposikia kwamba eneo lao limependekezwa kwa kituo cha kwanza cha nishati ya nyuklia nchini, walipinga kwa miaka kadhaa kwa barua, mikutano na maandamano. Mnamo 2024 polisi waliwatawanya kwa nguvu na baadhi wakajeruhiwa. Wavuvi wa Uyombo hawakuachwa peke yao. Mashirika ya mazingira na ya haki za binadamu, wafanyabiashara wa utalii na wanaharakati wa miji mingine walisimama nao, na suala likafika bungeni na mahakamani. Mwaka uliofuata maofisa wa serikali walianza kuizungumzia Siaya kuwa mahali pa kujenga kituo hicho. Je, watu wa Siaya wataulizwa? Wavuvi wa Ziwa Victoria nao wana nyavu.

Yaliyompata Mekatilili baada ya uhamisho wa pili hayasimuliwi sana kama kisa cha kuku. Wagiriama walianza kuvuka Sabaki na kurudi katika mashamba yao, na baada ya miaka michache serikali ilikubali kwamba amri ya kuwahamisha imeshindikana. Mnamo 1919 Mekatilili na Wanje waliruhusiwa kurejea. Kaya iliyolipuliwa ilifunguliwa tena, Wanje akawa kiongozi wa baraza la wanaume na Mekatilili wa baraza la wanawake. Alifariki katikati ya miaka ya 1920 na kuzikwa Bungale, Magarini, upande ule ule wa mto ambao serikali ilikuwa imeapa kwamba hakuna Mgiriama atakayeishi. Kaya Fungo, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mnamo 2008.